Ukitaka Shauri, Umwulize Nani?

Kuuliza ni katika mambo yaliyotukuzwa na Uislamu. Kurani Tukufu katika sura An-Nahl (16:44) yatuagiza kuwauliza wenye ujuzi kama hatujui, na katika sura Ash-Shura (42:39) waaminio wasifiwa kwa kuwa mambo yao huendeshwa kwa kushauriana. Basi asiyejua akiuliza hana aibu, bali ametii. Walakini agizo hilo la sura An-Nahl lina sehemu mbili, na wengi wetu siku hizi twashika moja tu. Twauliza sana, ila hatutazami twamwuliza nani.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Ugogoni. Mvua zetu huanza Desemba na kukoma Aprili, na miezi inayofuata ni ya kuvuna, kuanika na kuweka akiba. Mama wa nyumbani afungua gunia la mahindi, akuta punje zimeshikamana na zina ukungu wa kijani. Zamani angalimwita jirani. Leo apiga picha kwa simu, aituma katika kundi la watu elfu kadhaa asiomjua hata mmoja wao, na kuuliza: Jamani, haya niyafanyeje? Kabla chai yake haijapoa amekwisha pata majibu kumi. Mmoja asema ayaoshe kwa maji ya chumvi na kuyaanika tena. Mwingine asema ayachanganye na mazima kisha ayasage, ladha haitajulikana. Wa tatu amwambia awape kuku. Wa nne aapa kwamba moto wa ugali huua kila kitu, na kwamba bibi yake alikula mahindi ya namna hiyo akaishi miaka tisini. Kila mmoja ajibu kwa yakini, na hapana hata mmoja atakayeketi katika jamvi lile kuula ugali huo pamoja na watoto wa yule mama.

Swali hili si dogo. Katika mwaka 1976 au 1986 huenda tungaliliita swali la jikoni tu, lakini katika mwaka 2016, wilayani Chemba na Kondoa katika mkoa huu wa Dodoma, na Kiteto katika mkoa wa Manyara, watu walianza kuugua ugonjwa uliowashangaza. Walitapika, matumbo yaliwauma na kujaa, macho yakawa ya manjano. Wagonjwa 68 waliandikwa, na 20 kati yao walifariki dunia. Wataalamu walipopima damu na chakula waliona chanzo ni sumukuvu, yaani sumu itengenezwayo na aina ya ukungu uotao katika mahindi na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa vema. Sumu hii haina ladha wala harufu ya kuitambulisha, na punje yaweza kuwa nayo hali macho hayaoni ukungu wowote. Moto wa kupikia hauimalizi. Ng'ombe akilishwa nafaka yenye sumu hiyo, sehemu yake hutoka katika maziwa. Na yule alaye kidogo kidogo kwa miaka mingi, ijapokuwa haugui leo, ini lake lajiwekea hatari ya saratani. Sheria ya viwango yaruhusu mikrogramu 10 tu katika kilo nzima ya mahindi. Hebu tuyarudie majibu yale manne, tuone ni lipi ambalo mama yule angalilifuata kwa salama.

Wale waliomjibu hawakuwa watu wabaya. Hapo ndipo penye fundisho lenyewe, na Hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Abu Daud yatufunulia vizuri sana. Masahaba walikuwa safarini, na mmoja wao akapigwa na jiwe akapasuka kichwa. Kisha akapatwa na jambo lililomlazimu kuoga josho. Akawauliza wenzake kama wanaona ruhusa kwake kutayamamu. Wakamwambia hawaioni, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume Mtukufu s.a.w. alikasirika kwa ukali usio wa kawaida yake, akawahesabu wenzake hao kuwa ndio waliomwua, na akauliza kwa nini wao hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani ugonjwa wa kutojua hutibiwa kwa kuuliza. Tutazame: aliyejeruhiwa aliuliza, na hakulaumiwa. Waliolaumiwa ni wale waliojibu. Walikuwa wenzi wake wa safari, walimpenda, walitaka ashike sheria. Mapenzi yao hayakuwa ujuzi.

Mtume s.a.w. amefundisha pia kwamba mwenye kutakwa shauri amewekewa amana. Amana huulizwa. Na Kurani Tukufu (17:37) yakataza kufuata lile tusilo na ujuzi nalo, kwani masikio, macho na moyo vyote vitahojiwa. Mshauri wa barazani zamani aliijua amana hii hata kama hakusoma kitabu, kwa sababu aliishi karibu na matokeo ya shauri lake. Akikwambia upande uwele bondeni na usiote, utakutana naye kesho kisimani. Asiyekuona na usiyemwona aweza kusema lolote, kisha akafunga simu yake na kulala.

Wala tusidhani kwamba ubaya huu umeletwa na simu. Nyanda hizi zetu ziliwahi kupewa shauri la wageni kabla ya simu za mkononi kuwazwa. Katika mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma tume ya watu watatu chini ya Bwana John Wakefield kuchungua kama Afrika ya Mashariki na ya Kati yafaa kwa kilimo kikubwa cha karanga. Tume ilizunguka kwa muda wa wiki tisa hivi, na sehemu kubwa ya nchi iliitazama kutoka ndani ya ndege. Kisha ikatoa shauri la kulima zaidi ya eka milioni tatu. Kongwa ikachaguliwa pa kuanzia, na kazi ikaanza mwaka 1947. Wagogo walikuwa na elimu yao juu ya ardhi ile: kwamba mvua hunyesha huku ikaruka kule, kwamba mtu hutawanya mashamba yake, hupanda uwele na mtama, na hufuga ng'ombe wa kumwokoa mwaka wa njaa. Elimu hiyo haikuwa msingi wa mpango ule. Udongo wa mfinyanzi uliposhikwa na jua la kiangazi uligeuka jiwe, mashine zikavunjika, mvua ikakosekana. Mwaka 1951 mpango uliachwa baada ya kula pauni zipatazo milioni 36. Na watu wale watatu walikuwa wataalamu hasa, wenye vyeo! Wao waliondoka. Wagogo wakabaki na ardhi.

Je, basi mgeni asiulizwe kabisa? La. Daktari wa hospitali ni mgeni kwetu, na bwana shamba pia, na hakimu. Lakini hao wana jina na mahali pa kazi, wamesomea jambo wanalolisema, na yupo wa kuwauliza wakikosea. Na hata Salman wa Uajemi r.a. alikuwa mgeni Madina, shauri lake la kuchimba handaki likakubaliwa, kwani alilijua jambo hilo kutoka nchi yake na yeye mwenyewe alikuwa ndani ya mji uliozingirwa.

Tena iko adabu ya kumwuliza mshauri ametoa wapi neno lake. Katika vita vya Badr, Hubab bin Mundhir r.a. aliona kituo cha jeshi hakifai. Kwanza aliuliza kama mahali pale pamechaguliwa kwa wahyi au ni rai ya vita. Alipoambiwa ni rai, ndipo akataja visima vilivyo bora, na Mtume s.a.w. akahama. Ikiwa Mtume wa Mungu aliulizwa hivyo asichukie, mtu wa simuni ana fahari gani hata tusimwulize: Ndugu, hili umelijuaje? Mwenye kujua atajibu. Asiyejua ataanza kutukana, na hilo nalo ni jibu.

Mambo ya ndoa nimeyaacha nyuma kwa makusudi, kwa kuwa yanahuzunisha. Fatima binti Qais r.a. alipoposwa na watu wawili alikwenda kwa Mtume s.a.w. peke yake, akaambiwa wazi kasoro ya kila mmoja kadiri ilivyomhusu, akaelekezwa kwa Usama bin Zaid. Siku hizi mume na mke wakigombana usiku, asubuhi siri ya chumba chao yasomwa na watu wa Mwanza, Mombasa na Muscat, na washauri wasiosikia upande wa pili wameshatoa hukumu ya talaka. Wale wawili wakipatana jioni, maneno yale hayarudi.

Turejee kwa mama yetu na gunia lake. Majibu yanayofaa hayakuwa mbali. Mahindi yale yenye ukungu asiyale, asiyachanganye na mazima, wala asiwape mifugo. Ayatenge, amwite bwana shamba wa kata, naye amwonyeshe pia yaliyobaki yanayoonekana mazima. Mwakani ayaanike juu ya turubai na siyo juu ya udongo mtupu, yakauke sawasawa kabla ya kutiwa guniani, na magunia yainuliwe juu ya vichanja. Na kama yamekwisha liwa nyumbani, na mtoto ameanza kutapika au macho yake yamekuwa ya manjano, aiweke simu chini ampeleke hospitali siku ile ile, pamoja na konzi ya mahindi hayo katika mfuko, ili daktari ayaone.