Usinunue Elisi Mpya Kabla Hujahesabu Mizunguko

Wadogo zangu, safari hii swali limetoka kwa kijana wa hapa Lubumbashi mwenye boti ya mbao inayopanda na kushuka kati ya Kasenga na Kilwa. Nyuma amepachika mashine ya farasi 40, mfukoni ana makuta kidogo yaliyobaki baada ya msimu wa samaki, na kila siku wenzake wanampita. Anauliza: "Yaya, ninunue elisi kubwa zaidi, ama nitafute mguu wa mashine nyingine wenye gia za mbio?" Nimeshamjibu pembeni, ila jibu linawahusu wengi: mnaobeba samaki, mnaobeba abiria, na hata nyie wa mjini wenye viboti vya fiberi vya kwenda kustarehe Tshangalele Jumapili.

Usinunue kitu bado. Niambie kwanza mashine yako inazunguka mara ngapi kwa dakika ukiifungua yote, ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Hujui? Basi na anayekuuzia hajui, na nyote wawili mnabahatisha kwa makuta yako.

Kila mashine ina kiwango chake kwenye kitabu. Kwa nyingi za farasi 40 za kuchanganya esansi na oili, kiwango hicho ni kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika. Ukifungua yote ikaishia 4,100, elisi yako ni nzito mno kwake: mashine inabanwa, inapata moto, inakula esansi, na boti inachelewa kuinuka juu ya maji. Ikipita 5,500, elisi ni nyepesi mno, na hapo unaichosha kwa njia nyingine. Saa ya kuhesabu mizunguko si kitu cha ajabu. Ipo ile ndogo ya kidijitali ambayo waya wake unauzungusha tu juu ya waya wa plagi. Bei yake haifikii ya elisi hata kidogo, na ndiyo ninayokuomba ununue kwanza.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo Katanga inapotofautiana na pwani. Sehemu kubwa ya vipuri vinavyoingia kwetu kupitia Kasumbalesa imetoka Dar es Salaam, na kabla ya hapo Dubai. Huko kote boti zinaelea usawa wa bahari. Ziwa Moero liko zaidi ya mita 900 juu ya bahari, Tshangalele iko juu zaidi, karibu mita 1,100. Hewa ya huku juu ni nyepesi, na mashine isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hiyo zile farasi 40 ulizolipia, ukifika Moero unazo kama 36. Elisi iliyomfaa mvuvi wa kisiwa cha Mafia itakubana wewe wa Kasenga, ingawa mashine ni ileile na boti zinafanana. Ndiyo maana wengi wenu mnaotafuta mbio hamhitaji elisi kubwa. Mnahitaji yenye hatua fupi zaidi.

Hatua ni ile namba ya pili iliyochongwa kwenye elisi. Ya kwanza ni upana wake, ya pili ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu kama mbao na yenyewe ni skrubu. Zote huandikwa kwa inchi. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukipunguza hatua kwa inchi moja, mashine inapata mizunguko 150 hadi 200 zaidi, na ukiiongeza inapoteza kiasi hichohicho.

Tufanye hesabu, msiogope. Mashine inazunguka 5,000, na gia za mguuni zinapunguza nusu, yaani elisi inazunguka 2,500. Hatua ni inchi 13, sawa na sentimita 33. Zidisha 2,500 kwa sentimita 33, kisha kwa dakika 60: unapata karibu kilomita 49 na nusu kwa saa. Hiyo ni ndoto, kwa sababu maji si mbao. Simu yako yenye GPS ikisema 40, basi elisi inateleza kama asilimia 19. Kwa boti ya kazi hilo si baya. Ikisema 30, elisi inateleza karibu asilimia 40, na hapo nunua chochote unachotaka, tatizo liko kwingine: elisi imepinda, mpira wa ndani yake umechoka na unazunguka wenyewe, mashine imepachikwa juu mno, ama chini ya boti kumeota majani na uchafu. Nenda kasugue kwanza. Sabuni na brashi vimeshinda elisi nyingi za chuma cha pua, amini usiamini.

Kuhusu majaribio yenyewe, nitawasumbua kidogo, kwa sababu hapa vijana ndipo mnaponiudhi. Mnabadilisha elisi, mnainua mashine na kupunguza mzigo siku moja, kisha mnaniambia "Yaya, elisi imefanya kazi." Lipi kati ya hayo matatu limefanya kazi? Badilisha kitu kimoja tu. Esansi iwe kiasi kilekile tangini, watu walewale wakae palepale, mifuko ya mchanga iwe badala ya samaki. Piga mbio kuelekea juu ya mto na kurudi, uandike mwendo wa pande zote mbili, kisha uchukue wastani. Luapula ina mkondo, na mkondo huo umewadanganya wengi wanaojaribu wakiteremka tu. Kama uko Moero, nenda asubuhi kabla upepo haujaamka. Andika mizunguko, mwendo, na sekunde ambazo boti imechukua kuinuka juu ya maji ikitoka kusimama. Hizo sekunde kwangu zina uzito kuliko mwendo wa juu kabisa, maana kwa biashara ya samaki boti inayoinuka haraka ikiwa imejaa ndiyo inayofika mapema, na ndiyo isiyokunywa esansi.

Kabla hujagusa elisi, gusa urefu wa mashine kwenye ubao wa tezi. Hii haikugharimu kitu ila spana na jasho. Lile bamba pana lililo juu ya elisi lianze usawa wa chini ya boti. Kisha pandisha tundu moja, karibu sentimita 2, ujaribu tena. Mguu ukipungua majini, maji yanauvuta kidogo, na mwendo unaongezeka. Utapandisha hadi siku elisi itakapomeza hewa ukikata kona: mashine inapiga kelele ghafla, boti inapoa. Hapo teremsha tundu moja, ndiyo mahali pako. Muda wote tazama mashine inavyokojoa. Yale maji ya kupozea yakipungua, umepita kiasi, na kilichobaki ni kuunguza pistoni.

Na ule mguu wa gia za mbio? Wamarekani wanaoshindana na boti za injini kubwa huufunga kweli: mguu mfupi, pua iliyochongoka, matundu ya maji ya kupozea yakiwa chini puani. Wanauhitaji kwa kuwa wakipita kama kilomita 130 kwa saa, mguu wa kawaida hutengeneza mapovu mbele ya elisi na elisi inakosa maji ya kushika. Wewe unaenda 40. Mguu huo kwako ni pambo, tena pambo litakalokuteketeza mara tope la Kasenga litakapoziba yale matundu ya chini.

Elisi ya chuma cha pua nayo ni nzuri, haipindi ovyo, inaongeza mwendo kidogo. Lakini mwishoni mwa kiangazi, mto ukipungua na mchanga ukiwa karibu, ya alumini ikigonga jiwe inavunjika yenyewe na kuokoa gia. Ya chuma cha pua hupitisha pigo ndani. Mtu wa Luapula abebe alumini mbili, moja majini na moja chini ya kiti, pamoja na spana na pini.

Boti ikiwa na mbio, swali linalofuata ni kama inakutii. Omo ikirukaruka, sogeza mzigo mbele na uvute mguu karibu na tezi. Usukani ukivutwa upande mmoja, geuza kile kipezi kidogo kilicho chini ya bamba. Fikirieni zile boti mbili za vita za Waingereza, zilizoitwa Mimi na Toutou, ambazo Julai 1915 zilipita kwenye reli hapa mjini kwetu, wakati huo ukiitwa Elisabethville, zikielekea Ziwa Tanganyika. Zilikuwa na urefu wa karibu mita 12, injini mbili za esansi za farasi 100 kila moja, na uwezo wa noti 19, yaani kama kilomita 35 kwa saa. Zilijaribiwa kwanza mto Thames, kisha zikapandishwa treni hadi Fungurume, zikavutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kupitia milima ya Mitumba. Lakini mzinga waliofunga omoni ulikuwa mzito kwa umbo lile; ungeweza kupigwa salama kuelekea mbele tu. Kulenga kulimaanisha kugeuza boti nzima. Walishinda kwa sababu walijua boti yao haiwezi nini, na tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka meli ya Wajerumani, Kingani.

Nyie hambebi mzinga, mnabeba watu. Boti iliyojaribiwa na watu wawili si boti ileile ikiwa na ishirini na magunia ya samaki. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti ya abiria iitwayo Merdi ilizama Ziwa Kivu ikiwa imejaa kupita kiasi, karibu kabisa na bandari ya Goma. Kwa hiyo majaribio ya kona yafanyeni na mzigo, polepole kwanza, kila mtu akiwa amevaa jaketi, na ile kamba nyekundu ya kuzima mashine ikiwa imefungwa mkononi mwa nahodha, si imening'inia kwenye msumari.

Kijana wangu wa boti ya Kasenga, na wengine wote mnaotaka kuniuliza elisi gani: nileteeni kwanza namba nne, mizunguko, mwendo wa kupanda, mwendo wa kushuka, na uzito mliobeba. Bila hizo sitamtajia mtu elisi yoyote.