Mnunuzi wa Mwani Anafuata Ute

Wakulima wa mwani wa Kibuyuni, Mkwiro na Gazi katika Kaunti ya Kwale, wengi wao kina mama, huuza mavuno yao kwa kilo. Lakini kiwanda kinachonunua mwani huo kinatafuta ute uliomo ndani yake, uitwao karajinani.

Karajinani ni mnyororo mrefu wa sukari aina ya galaktosi, zimeshikana kama shanga kwenye uzi. Baadhi ya shanga hizo zimebeba salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, na hapo ndipo aina za mwani zinapotofautiana. Spinosum, unaolimwa zaidi Kwale, una karajinani ya iota, yenye salfeti mbili kwa kila sukari mbili. Ikikutana na kalsiamu huganda kuwa rojo laini linalonepa. Cottonii una kappa, yenye salfeti moja tu kwa kila sukari mbili, nayo ikipata potasiamu huganda ikawa ngumu. Viwanda vya vyakula huipenda hiyo, ndiyo maana cottonii kwa kawaida huwa na bei nzuri zaidi. Shida yake ni kwamba hauvumilii maji ya bahari yakipata joto, na huugua upesi.

Ute huu ndio unaozuia maziwa ya chokoleti yasijitenge na dawa ya meno isitoe maji. Salfeti zake, zenye chaji hasi, hunasa baadhi ya virusi vya mafua kabla havijaingia kwenye seli; Ulaya zinauzwa dawa za kupuliza puani zenye iota. Hiyo haina maana kwamba maji ya mwani uliochemshwa nyumbani ni dawa ya mafua.

Kwa mkulima, jambo kubwa ni mnyororo huo usiharibike. Mwani uliovunwa kabla ya wiki sita huwa na ute dhaifu. Ukianikwa mchangani hubeba mchanga, kwa hiyo chanja ni bora. Mvua ikianza, ufunikwe mara moja, kwa kuwa maji baridi huosha chumvi na kuondoka na sehemu ya ute. Ukirundikwa mbichi huchacha, na minyororo hukatika. Mwani wa namna hiyo unaweza kuanikwa tena hadi ukauke vizuri, lakini minyororo iliyokatika haiungani.