Kabla Hujasema Pepa Imetoka Nje ya Silabasi

Kila Novemba, mtihani wa kidato cha nne ukiisha, kilio ni kile kile kuanzia Sakina hadi Usa River: "Swali lile hatukufundishwa." Mara nyingi mada imo. Mtahiniwa ndiye hakuwahi kuufungua muhtasari.

Tafuta muhtasari wa kila somo, uusome mwenyewe. Unaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na Baraza la Mitihani hutunga maswali kwa kuufuata. Madesa ya twisheni hayamo kwenye mkataba huo.

Soma malengo mahususi, hasa vitenzi vyake. Lengo likisema "kufafanua", orodha ya nukta tano haitakuokoa.

Usikariri mfano ukadhani umeijua mada. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Swali la mvua za milima linaweza kuja na mchoro wa mlima usio na jina, pande zake zikiitwa A na B, na mtu akaapa ni swali geni. Mwanafunzi wa Arumeru hana udhuru kabisa. Kusini mwa Mlima Meru, kule Poli na Tengeru, kuna migomba na kahawa. Zunguka hadi Ngarenanyuki, kaskazini, ukaone ukavu. Anaishi ndani ya jibu, halafu analalamikia swali!

Usibashiri. "Hii ilitoka mwaka jana, haiji tena" ni maneno ya vijiweni. Mtunzi ana jedwali la utahini, linalogawa maswali kwa mada na uzito wake. Pasti pepa fanya, lakini kwa mazoezi.

Jua fomati. Kwenye Kiswahili cha miaka ya karibuni, sehemu A ina alama 16, B 54, C 30. Usimalizie saa nzima kwenye sehemu A. Na swali la fasihi likija na orodha ya vitabu, *Takadini* na wenzake, usijibu kwa kitabu kisichomo, hata kiwe kizuri namna gani.

Usiazime vitabu vya mdogo wako bila kuuliza ni vya mtaala upi. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024, kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na mihtasari miwili.

Usinunue "pepa" ya WhatsApp. Hata bei usiulize.

Soma taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Ziko bure kwenye tovuti ya Baraza: swali, mada iliyopimwa, sampuli za majibu mazuri na mabovu. Ajabu ni kwamba watu hulipia semina za wikiendi mjini huku hizi hazijaguswa.

Ukiwa bado unadai swali limetoka nje, nenda kwa mwalimu wa taaluma na muhtasari mkononi, mpitie mada zote, kidato cha kwanza hadi cha nne. Msipoiona mada ya swali hilo, hapo una hoja, andikeni.