Proksi binafsi: Usimwachie dalali mlango wazi

Mnunuzi wa almasi wa Maganzo, jirani na mgodi wa Mwadui, anayefuatilia soko la Antwerp kwa intaneti anaweza kutumia proksi. Hiyo ni sawa na dalali: tovuti huona anwani ya proksi, si ya mnunuzi.

Hatua ni nne. Kwanza, kodi seva ndogo ya Linux. Pili, weka programu ya Squid, isiyolipiwa, ambayo kwa kawaida hutumia mlango namba 3128. Tatu, iamuru isikilize anwani ya ndani tu, 127.0.0.1. Nne, ifikie kwa njia ya SSH yenye ufunguo, kisha elekeza kivinjari huko.

Hatua ya tatu ndiyo kinga ya mtaji. Proksi iliyo wazi huvamiwa na matapeli, na uhalifu wao huonekana umetoka kwa aliyekodi.

Sheria nayo izingatiwe. Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN, njia inayokaribiana na hii, kutoa taarifa zao kabla ya tarehe 30. Kanuni za mwaka 2020 zilimwekea anayetoa teknolojia inayosaidia kufikia maudhui yaliyokatazwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Mfanyabiashara aulize TCRA kwanza, ndipo alipie seva.