Itikadi na Hejemonia katika Taswira ya Mau Mau Magazetini

Kwa mujibu wa Antonio Gramsci, tabaka tawala halitegemei mabavu pekee. Hutafuta pia ridhaa ya watawaliwa. Dhana hii hudhihirika katika taswira ya Mau Mau. Hali ya hatari ilipotangazwa mnamo Oktoba 1952, magazeti ya walowezi yaliwaita wapiganaji hao magaidi. Walowezi 32 waliouawa waliombolezwa kwa majina. Wapiganaji waliouawa, zaidi ya 11,000 kwa takwimu rasmi, walibaki idadi tu. Dai la ardhi lilififizwa. Aidha, marufuku ya kikoloni ya mwaka 1950 dhidi ya Mau Mau ilidumu hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Hivyo basi, hejemonia hukomaa pale mtawaliwa anapoendelea kumwita shujaa wake kwa jina alilobandikwa na mtawala aliyekwisha kuondoka.