SOMO LA NYUMBANI: JINSI YA KUCHAGUA MKASI MZURI WA JIKONI



Mwezi huu tunaacha shamba kidogo na kuingia jikoni. Huenda ukasema, "Mkasi ni kitu kidogo, mbona gazeti la wakulima linapoteza nafasi kwa ajili yake?" Mimi pia niliwaza hivyo hapo zamani. Siku moja ya soko niliona mkasi unaong'aa kama kioo, mipini yake myekundu, na bei yake ndogo. Nikalipa, nikautia mfukoni, nikaenda zangu nikifurahi.

Jumapili wageni wakaja, na mke wangu akaanza kumkata kuku wa kienyeji kwa mkasi ule mpya. Alipofika kwenye mfupa, msumari wa katikati ukalegea, bapa moja likateleza na kumwingia katika kidole gumba. Kwa majuma mawili hakuweza kukamua. Nikakamua mimi, ambaye ng'ombe wetu hakunizoea, na maziwa yakapungua. Zile shilingi nilizookoa sokoni zilikwisha kwa dawa na maziwa. Wazee walisema kweli: rahisi ghali.

Basi somo letu ni moja tu: usichague mkasi kwa macho, uchague kwa kuujaribu kabla ya kulipa.

KAZI YA MKASI JIKONI

Mkasi wa jikoni si mkasi wa fundi cherehani. Ule wa cherehani ni mwembamba, na ukikata mfupa utaharibika. Wa jikoni ni mnene na wenye nguvu. Hukata mgongo wa kuku, mapezi ya samaki, mafuta ya nyama, dania na vitunguu vya majani, na hufungua pakiti za unga. Ikiwa nyumbani kwako mnapika mboga tu, na kuku huchinjwa mara moja kwa mwaka, kisu kizuri kinakutosha. Usinunue chombo usichokihitaji. Lakini mama anayeuza kuku waliokatwa vipande kwa hoteli au kwa majirani atapata faida, maana vipande vitakuwa safi na havitakuwa na vichane vya mifupa.

NGUVU YA MKASI HUTOKA WAPI?

Mkasi ni nyenzo mbili zilizounganishwa kwa msumari. Mipini ikiwa mirefu na mabapa yakiwa mafupi, mkono hupata nguvu zaidi. Tena kitu kigumu hukatika kwa urahisi kikiwekwa karibu na msumari, si kwenye ncha. Ndiyo sababu mikasi mingi ya jikoni ina pengo dogo la mviringo karibu na msumari: hapo ndipo mfupa mwembamba hukaa usiteleze. Mkasi wenye urefu wa sentimita 20 hadi 23 hivi wawafaa watu wengi.

MAJARIBIO MATANO DUKANI

Mwombe mwenye duka kwa adabu akuruhusu kuujaribu. Muuzaji wa kitu kizuri hatakataa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

1. Jaribu msumari. Shika bapa moja kwa kila mkono, uyasukume kwa ubavu. Yakichezacheza, rudisha mkasi huo. Kisha ufungue, ushike mpini mmoja, na uachilie wa pili. Mpini uliouachilia ushuke polepole. Ukianguka mara moja, msumari umelegea. Usiposhuka hata kidogo, umebanwa mno, na mkono wako utachoka. Skrubu ni bora kuliko ribiti, kwa maana skrubu ikilegea waweza kuikaza mwenyewe.

2. Jaribu mwanga. Funga mkasi, uutazame kwa ubavu ukielekea mlangoni. Katika mkasi uliotengenezwa vizuri mabapa yamepindwa kidogo sana, hata utaona mstari mwembamba wa mwanga katikati, na ncha mbili zimegusana. Mabapa hayo hukutana mahali pale tu panapokata. Ncha zikipishana, au zikiachana, usinunue.

3. Jaribu kitambaa. Chukua kipande cha kitambaa chepesi kutoka nyumbani. Kikate kuanzia karibu na msumari mpaka kwenye ncha. Kisha kiloweshe maji na kukata tena. Kitambaa kikijikunja na kuingia katikati ya mabapa bila kukatika, ngozi ya kuku nayo itafanya vivyo hivyo. Tazama pia kama bapa moja lina meno madogo madogo. Meno hayo hushika nyama yenye utelezi isikimbie.

4. Jaribu sumaku. Beba sumaku ndogo, hata ile ya spika ya redio mbovu. Chuma cha mabapa kikiwa hakivutwi na sumaku hata kidogo, basi hicho ni cha aina isiyoweza kutiwa ugumu kwa moto, na makali yake hayatadumu. Lakini jihadhari: kuvutwa na sumaku peke yake si cheti cha ubora, maana hata chuma laini huvutwa. Jaribio hili ni la kukataa kibaya, si la kuthibitisha kizuri.

5. Jaribu mkono. Mkono wa atakayeutumia, si wako wewe unayelipa! Bibi aje dukani mwenyewe. Vidole viwili au vitatu viingie bila kubanwa, na mipini isiteleze ikiwa na maji. Anayetumia mkono wa kushoto atafute mkasi wa kushoto, kwa kuwa ule wa kawaida mkononi mwake huyasukuma mabapa yaachane.

HABARI YA KUTU

Mwaka 1913, Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza chuma cha pua kilichochanganywa na kromiamu, ambacho hakishiki kutu upesi. Chuma cha namna hiyo huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Chafaa sana jikoni. Lakini kusema "hakishiki kutu" si kusema hakishiki kabisa. Ukiuacha mkasi usiku kucha ukiwa na chumvi, maji ya limau au damu, utaona madoa.

UTUNZAJI NA USAFI

Kama waweza, nunua mkasi unaotenganishika mabapa mawili. Damu ya kuku hujificha penye msumari, na nyama mbichi ya kuku huweza kuwa na vijidudu viitwavyo salmonela, viletavyo kuhara na homa. Mkasi uliokata kuku usikate dania ya kachumbari kabla haujaoshwa kwa maji moto na sabuni. Kilicho bora ni kukata mboga kwanza, kuku baadaye. Ukiisha kuuosha, ufute ukauke, tia tone moja la mafuta ya kupikia penye msumari, kisha uutundike mahali ambapo watoto hawafiki.

Wakati wa kunoa, noa upande ule wa mteremko tu, ukifuata mteremko wake wa zamani. Usiguse upande wa ndani ulio bapa, maana ukiusugua mabapa hayatakutana tena. Bapa lenye meno usilipitishe kwenye jiwe.

Wala usikate mfupa mnene wa paja. Tafuta kiungo, ukate hapo. Mgongo wa kuku ukate kando zake zote mbili, uutoe mzima.

Mwisho, mkasi wa jikoni usivuke mlango. Mara nyingi tunaona mkasi mmoja ukikata waya wa uzio asubuhi, mbawa za kuku adhuhuri, na nyama ya watoto jioni. Waya huvunja makali, na uchafu wa banda hurudi katika sahani. Kazi za mifugo ziwe na mkasi wao, ukae ghalani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mfupa huwekwa karibu na msumari wa mkasi?
2. Sumaku isipovuta bapa, wajifunza nini? Ikivuta, je, wajua kuwa mkasi ni mzuri?
3. Ni upande gani wa bapa usionolewa, na kwa nini?
4. Leta mkasi ulio nyumbani kwako, uupitishe katika majaribio yetu ya msumari, mwanga na kitambaa. Umefaulu mangapi?

Fanya swali la nne leo jioni, kabla hujawasha moto. Ukiona msumari umelegea, ukaze sasa. Mke wangu ana alama katika kidole gumba mpaka leo. Wako asipate.