Kurudishiwa shamba Merigi: anza na mwaka walioingia

Shamba letu la Merigi, kaunti ya Bomet, lina hati miliki isiyo na doa, lakini sehemu yake ilikaliwa na watu wengine, na wakili wetu hakuanza na hati. Aliuliza: hawa watu waliingiaje, na mwaka gani? Nawe anzia hapo. Sheria ya Kenya humpa mwenye ardhi miaka 12 kumshtaki aliyeivamia. Ikipita kimya, yule aliyekaa humo waziwazi, bila ruhusa, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba shamba liandikwe jina lake. Wapo waliodhani Katiba ya 2010 ilifuta jambo hilo. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mtana Lewa iliyotoka Pwani, ilisema halikufutwa.

Sisi tuliokolewa na ruhusa. Aliyekaribishwa hahesabiwi miaka hiyo mpaka ukaribisho uondolewe, na hawa baba aliwakaribisha mwenyewe. Kulithibitisha hilo ndiko kulikokuwa na kazi, maana mkataba haukuwepo. Tulichopata ni stakabadhi za majani mabichi kutoka kituo cha kununulia chai: wakaaji hao walichuma na kupeleka majani kwa namba ya baba ya mkulima, naye akiwakatia chao. Mtu anayejiona mwenye shamba hauzi chai kwa namba ya mwingine. Makaratasi hayo yaliyoliwa na mende yalisema mengi kuliko hotuba zote za ndugu zangu.

Kama hati bado iko kwa jina la marehemu, shughulikia mirathi kwanza, ukianza na barua ya chifu. Bila hati ya usimamizi wa mali huna haki ya kushtaki, hata uwe kifungua mimba. Muda ukikubana, mwombe wakili akutafutie ile ya muda, ya kufungulia kesi tu.

Kisha notisi. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 152E, inataka miezi mitatu, kwa maandishi, na nakala ziende kwa naibu kamishna wa kaunti na kamanda wa polisi wa eneo. Eleza humo watakavyovuna mazao yao na kubomoa nyumba zao. Ila notisi peke yake haisimamishi ile miaka 12. Kesi ndiyo inayoisimamisha. Kuna watu huandika barua ya vitisho kila Krismasi, miaka inakwisha nao wakingoja jibu. Na usitume vijana na mapanga wakafyeke chai usiku. Atakayepandishwa kizimbani kwa kuharibu mali ni wewe.

Kesi ikiendelea, tuliwaita wazee wa kokwet, baraza la kijiji. Kifungu cha 159 cha Katiba kinawapa nafasi, na huku kwetu kumhamisha mtu si neno jepesi: mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwang'oa watu wa ukoo wa Talai kwa sheria maalumu na kuwapeleka mbali, huko Gwassi. Wazee walitaka wakaaji wavune mahindi na waondoke na mabati yao. Tulikubali. Lakini mapatano ya chini ya mti yana ndugu wa kuyakana, kwa hiyo mawakili waliyaandika na mahakama ikayapokea kuwa amri yake. Siku ya kuhama ilipofika, hakuna aliyehitaji polisi.

Mpimaji alirudisha bikoni wiki hiyo hiyo. Sehemu ile sasa amekodi jirani, kwa mkataba wenye tarehe ya mwisho na kibali cha bodi ya ardhi.